Picha Niliyomupiga Rafiki Yangu Kampala

Jina langu sitaandika. Nikiliandika, kuna mama mumoja atasoma aseme, "Kumbe bado anatafuta watu wamuhurumie." Na atakuwa na haki. Mimi njo nilikosa. Hakuna muntu alinituma, hakuna njaa ilinisukuma. Ni mimi na simu yangu.

Mi ni mama wa Masisi, kule Kongo, mulimaji wa maharagi. Rafiki yangu, tumwite Mama Aline, ni wa watu wa ng'ombe. Asubuhi alikuwa ananiletea maziwa, mi namupa maharagi, na siku ya Mungu tunaimba bega kwa bega kwenye chorale, kwaya ya kanisa letu. Lakini niseme ukweli wote. Kwetu, wenye jembe na wenye ng'ombe tunasali pamoja, tunacheka pamoja, na bado kila muntu anamuangalia mwenzake kwa pembe ya jicho. Miaka ya risasi imetuharibu hivyo.

Chorale ilitaka vikwembe, vile vitenge vya kushona nguo za Pasaka. Wakatuchagua sisi wawili twende Kampala. Mi nilishafika kule. Yeye hakuwahi kuvuka mupaka hata siku moja. Ao njo vile alisema.

Nilianza kumuchunguza njiani. Alibeba fromaji moja kubwa, jibini ya maziwa ya ng'ombe zao, imefungwa kwa kitambaa, na ndani ya bisi alikuwa anaipakata kama mutoto muchanga. Nikamuambia, "Tuiuze, Kampala wataipenda." Akajibu haraka, "Hii si ya kuuza." Ni ya nani sasa? Akageuzia uso kwa dirisha.

Kesho yake asubuhi, kwenye nyumba ya wageni, alitoka kwenda kuoga. Jamani, muone nilichofanya! Nilitoa pini kwenye nywele zangu nikaichoma ile fromaji, hapa, pale, huku na huku, nikifikiri kuna dhahabu ndani. Ilikuwa fromaji tu. Nikalamba pini, nikarudisha kitambaa vile kilikuwa. Sikusikia haya. Nilikasirika sababu sikupata kitu!

Na siku yenyewe ilikuwa siku nzuri, njo kitu kinaniuma zaidi. Vikwembe tulivipata mapema, vya bluu na maua meupe, tukabakia na siku nzima ya kutembea. Tulijaribu viatu ambavyo hatukuwa na nia ya kununua. Tulikula chapati zilizokunjwa na mayai, tumesimama pale barabarani, mafuta yanatiririka kwenye mikono. Mama Aline alikuwa anacheka kila mara wauzaji wakimuita "nyabo", yaani mama kwa luga yao. Sikuwahi kumuona anacheka hivyo kwetu.

Kisha akasema, "Dada, twende kule kwenye munara wa musikiti. Wanasema ukiwa juu unaona muji wote."

Tukaenda. Walitupa nguo za kujifunika, tukapanda ngazi tunashikana mikono kama wasichana. Kule juu upepo, na Kampala yote chini yetu, vilima juu ya vilima, mabati mekundu, watu wadogo kama siafu. Mi nilikuwa natafuta ziwa. Yeye akamutajia kijana anayetembeza wageni jina la mutaa mumoja. "Iko upande gani?"

Yule kijana akamuonyesha kwa kidole. Mama Aline akaangalia kule muda murefu, midomo inacheza kama muntu anayesali. Nikaona machozi.

"Nini tena?"

"Ni upepo, dada."

Upepo! Muntu ambaye hajawahi kufika Kampala, jina la mutaa ameliokota wapi? Na ile simu yake! Tangu asubuhi ilikuwa inalia, anaenda pembeni, anaongea Kinyarwanda kwa sauti ya chini. Mi Kinyarwanda nasikia kidogo. Nilishika maneno haya tu: "Muntu yeyote asikuone." Na fromaji iko kwenye mufuko wake, amepanda nayo munara, ameshuka nayo!

Mchana, tukiwa kwenye duka la viatu, akashika paji la uso. "Kichwa kinaniuma. Wewe endelea kuangalia, mi nirudi nilale kidogo."

Nikasema, "Pole, dada. Pumuzika." Nikahesabu pumzi chache, nikatoka. Yeye alikuwa anapanda pikipiki. Nikapanda yangu. "Yule mama mwenye kitambaa cha kijani, usimupoteze!"

Hakurudi kwenye nyumba ya wageni. Alishuka mbele ya hoteli ndogo ya kuuzia chakula, ya vibao na turubai, na kando yake gari nyeupe imesimama. Mi nikajificha nyuma ya mwenye kuuza ndizi. Nikaona Mama Aline amekaa na mwanaume mwenye koti na musichana aliyejifunga kitambaa mupaka machoni. Akatoa fromaji akaiweka mikononi mwa yule musichana. Mwanaume akamupa Mama Aline bahasha. Wakainamiana vichwa.

Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Ndiyo, furaha! Nilisema, nimekupata. Anauza siri zetu. Ao anauza wasichana. Nikapiga picha, nikaituma kwenye kikundi cha chorale kwenye simu (yeye hakuwemo, simu yake ni ya kubonyeza tu), na sauti yangu juu yake: "Wamama, muone rafiki yetu wa maziwa. Alinidanganya anaumwa kichwa. Hawa watu anaokutana nao kwa kificho ni nani?"

Majibu yakaanguka kama mvua. "Mungu wangu!" "Nilijua!" "Watu wa ng'ombe ni wale wale!" Nilijisikia muntu mukubwa.

Ndipo mama mumoja, ambaye bwana yake ni wa upande wa Mpofi, kule watu wenye silaha wa porini wanatawala, akaandika: "Nimeikuza picha. Musichana huyo, amefungua kitambaa akinywa. Si Aline wake?"

Aline! Sisi wote tulijua Aline iko Butembo, anasoma kwa masista. Mama yake njo alituambia.

Ningenyamaza pale, pengine Mungu angenisaidia. Sikunyamaza. Niliandika: "Kumbe alitudanganya wote! Butembo gani? Aline iko Kampala!" Nikaongeza na jina la ule mutaa aliouliza kule munarani.

Aliporudi usiku nilijifanya nimelala, na alfajiri nikamuharakisha kwenye bisi tukarudi nyumbani. Njiani Mama Aline alinigawia karanga zake, na mi nilizikula.

Haikupita wiki. Watu wenye silaha walitoka porini wakafika kwenye boma lao ng'ombe bado zinakamuliwa. Waliita jina la Aline. Waliita na jina la mutaa wa Kampala, vile vile nilivyoliandika. Walimupiga Papa Aline mbele ya watoto wake wadogo, wakaondoka naye na ng'ombe zote. Alirudi akiwa hai, Mungu asifiwe, lakini mukono wake wa kuume haufanyi kazi tena.

Mama Aline alikuja kwangu. Nilifikiri atanitukana. Alisimama kwenye mulango, akakataa kiti.

"Aline alienda kumusalimia shangazi yake Mpofi," akasema. "Mukubwa mumoja wa wale wenye silaha akamuona sokoni. Akasema anamutaka awe bibi yake, na yeye haombi muntu ruhusa. Tulimutoa kwa kujificha. Yule mwanaume uliyemuona ni muchungaji wa kanisa, njo alimupatia pa kulala. Kwenye bahasha mulikuwa na picha za mutoto wangu, ili baba yake amuone vile bado iko muzima."

"Mama Aline, kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia kule kule. Nilikuwa nangoja Aline akubali. Siku ile alikubali, akasema, 'Mama, kesho mulete tu rafiki yako, nimusalimie.' Niliporudi ukajifanya umelala, na asubuhi ukaniharakisha kwenye bisi."

Nilianguka chini, nikamushika miguu. Akaitoa polepole, bila hasira.

"Tulitembea pamoja siku nzima, dada. Ungeniuliza."

Basi. Walihama. Aline alitoroka Kampala siku ile ile mama yake alipomupigia, na tangu hapo simu yake haipatikani. Yule muchungaji hajui alikoelekea. Mama yake pia hajui. Mi niliifuta ile picha, lakini ilishapita kwenye simu za watu ambao sitawajua kamwe.

Vile vikwembe tulivishona. Chorale iliimba Pasaka, wamama wale wale waliosema "Nilijua!" wakiimba kwa nguvu. Mi sikuweza kufungua kinywa. Nimetoka chorale.

Wapendwa munaosoma, nawaomba kwa magoti. Ukimushuku muntu, mukalishe chini, umuangalie machoni, umuulize. Pengine atadanganya, pengine atakasirika. Lakini usimupige picha kwa mugongo ukawapa watu. Wewe unadhani unatuma kwa wamama kumi wa chorale. Hujui nani iko nyuma yao, na anamutafuta nani.