Mwaridi wa Wifi Loveday

Wifi yangu Loveday Tapscott alizaliwa hapa kijijini Nether Ampney, akaolewa na kaka yangu Amos, akafiwa naye, na maisha yake yote sijamsikia akimwomba mtu kitu. Ndiyo maana nilishangaa aliponitaka nimsindikize kwenye bustani ya jumba kubwa.

Mwaridi mweupe alioupanda Amos mlangoni ulikuwa umekufa kwa baridi kali. Uliobaki ni mmoja tu, huko bustanini, na ulitokana na kitawi ambacho Amos mwenyewe alimpa mtunza bustani wa zamani. Loveday alitaka kitawi kimoja kirudi nyumbani.

Tukatozwa kiingilio, sisi tuliozaliwa chini ya ukuta wa bustani ile! Ndani, watu wa mjini wanazunguka wakinong'ona kama wako kanisani. Tajiri aliyeitengeneza bustani hiyo zamani alihubiri uzuri wa kazi ya mikono. Mikono yenyewe ilikuwa ya babu zetu. Yake ilishika kikombe cha chai. Akapanda maua yale yale ya vibanda vyetu, akayazungushia ua wa miti iliyonyolewa, akaita sanaa.

Meneja mpya, Bwana Crispin, kijana wa kuvaa skafu wakati wa joto, alikubali. Akakata kitawi, akakichomeka kwenye kikopo, akampa. Halafu akasimama anangoja.

"Hatusemi kitu, bibi?"

Loveday akakikumbatia kikopo. Kwetu hata mtoto anajua: mmea wa kupewa ukiushukuru, unakufa.

"Bustani nzuri," akasema mwishowe. "Na viatu vyako vizuri."

"Neno moja tu, bibi. Asante. Gumu hivyo?"

"Sema basi, wifi, miguu inaniuma," nikamnong'oneza.

"Thubutu! Unataka kumuua kaka yako mara ya pili?"

Watu wakaanza kututazama. Bwana Crispin akatoa tabasamu la kuwaonyesha wageni wake, akamnyang'anya kikopo, akakiweka juu ya ukuta. "Ukikumbuka adabu, kipo hapa."

Alipogeuka tu, Loveday akakitia kwenye mkoba, huyoo langoni.

"Bibi! Huo ni wizi!"

"Ndiyo, wizi!" akajibu bila kugeuka, uso umechangamka kama bibi harusi. "Sasa ndiyo kitashika!" Maana kwetu mmea wa kuibwa ndio unaoshika mizizi kuliko yote.

Wamempiga marufuku kuingia bustanini. Anasema hajui atakosa nini. Mwaridi umeshika, mwaka huu umechanua, na Bwana Crispin akipita njiani humkuta Loveday amekaa chini yake anamenya njegere. Hamwamkii, yule mwalimu wa adabu.