Ngozi Mbichi Chini ya Jukwaa

Uwanja wetu wa mjini Tarime haukuwa umeharibika. Paa la jukwaa lilivuja upande mmoja, na goli lililoelekea Bomani lilikuwa limeinama. Jukwaa lenyewe lilikuwa la mawe, limejengwa na wafungwa wakati wa Mwingereza, na baadhi ya wafungwa hao walikuwa wazee wetu. Chini yake palikuwa na chumba cha kubadilishia nguo. Mimi nilikuwa kipa wa timu ya mji. Mchana nilikuwa nashona nguo katika duka la fundi mmoja Mwislamu, ambaye baba yake alitoka pwani, na fundi huyo ndiye aliyekuwa kocha wetu.

Miaka hiyo ya ujamaa uwanja ulikuwa na kamati, na kamati ilikuwa na katibu. Jumamosi moja tulifika mazoezini tukakuta chumba chetu kina kufuli jipya. Ndani katibu alikuwa amerundika ngozi mbichi za ng'ombe, zimepakwa chumvi kidogo tu. Fundi akamwendea akamuuliza ni za nani.

"Za umma," katibu akajibu.

Lori lilikuwa likija kuzichukua na kuondoka kwa njia ya Sirari. Umma wa huko mpakani sikuufahamu.

Jua lilipozidi, maji ya rangi ya chai yakaanza kuchuruzika chini ya mlango, na funza wakapanda ngazi ambazo akina mama walikuwa wakikalia siku za mechi. Siku moja nilidaka mpira uliokuwa umepita kwenye maji yale. Nilinawa kwa sabuni, nikanawa kwa majivu, lakini jioni kila nilipomega ugali harufu ilipanda puani. Nikaacha chakula. Mke wangu akadhani naumwa.

Ndipo katibu akaitisha mkutano kuzungumzia hali ya uwanja. Alisimama mbele yetu, leso puani, akasema uwanja unanuka, ni masalia ya mkoloni, na wananchi huru wanastahili uwanja wao wenyewe. Fundi akanyoosha mkono.

"Ndugu katibu, kinachonuka ni ngozi. Zikiondolewa, tukaosha, tukabadilisha mabati machache, uwanja upo. Na mawe haya hakuyabeba mkoloni. Waliyabeba baba zao hawa."

Watu wakapiga makofi. Katibu naye akapiga, akitabasamu, kisha akatangaza kwamba mkutano umekubali uwanja mpya. Nilitazama kushoto na kulia kuona nani atapinga. Kila mtu alikuwa anatazama miguu yake, na mimi pia.

Uwanja mpya ukawekwa nje ya mji, katika bonde la udongo mweusi ambalo kila mfugaji alijua kwamba masika hugeuka tope. Tulifyeka, tukang'oa visiki, tukasomba kokoto kwa kujitolea. Mabati ya jukwaa la zamani yakang'olewa, tukaambiwa yanahamia kule. Machache yalifika. Mengine niliyaona juu ya nyumba ya katibu, na doa la rangi ya kijani tulilolizoea likiwa limeangalia barabarani. Hakujisumbua hata kulipaka rangi.

Siku ya kufungua, timu ya Mugumu ilikuja kwa lori kucheza nasi. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha. Mgeni wa heshima alichelewa, tukamsubiri tumesimama kwenye matope, huku jukwaani katibu na wenzake wakila nyama choma. Katibu alifuta mafuta ya vidole kwenye kitambaa kilichotandikwa juu ya meza ya mgeni. Mgeni alipofika, kikageuzwa upande wa pili.

Mchezo haukufika mapumziko. Beki wetu wa kati, Mkurya mmoja niliyekua naye, alikanyaga shimo la kisiki ambalo halikufukiwa vizuri. Lilikuwa limejaa maji, halikuonekana. Nilikuwa nyuma yake, nikausikia mfupa. Nilipofika alikuwa ameshika ugoko, uso umekuwa wa majivu.

"Mura, usiniguse," aliniambia taratibu. Mura, yaani kijana, ndivyo tulivyoitana tangu utotoni.

Katibu akaja hadi kwenye mstari, hakutaka kuchafua viatu.

"Mwekeni pembeni, mchezo uendelee. Mgeni bado anaangalia."

Nilivua fulana ya timu nikaitupa pale pale. Aliyezungumza alikuwa mshambuliaji wa Mugumu, kijana mrefu kutoka Natta. Alipanda jukwaani na miguu yake ya matope, akamwinamia mgeni.

"Shikamoo mzee. Samahani, mnyanyuke kidogo. Tunahitaji benchi la kumbebea mtu."

Mgeni akainuka mara moja. Timu zote mbili tukambeba beki kwa benchi lile hadi barabarani, tukampakia kwenye lori la Mugumu, likampeleka hospitali. Nyuma yetu tulisikia kipaza sauti kikiendelea kumshukuru mgeni.

Mguu wa beki uliunga vibaya. Akaenda kuishi kwa mjomba wake upande wa Kenya, na hakucheza tena. Timu ikasambaratika. Bonde likarudi kuwa malisho, na jukwaa la mawe, bila paa, likawa choo cha wapita njia.

Katibu alihamishwa, akapewa cheo kikubwa zaidi. Aliyemrithi akatuita mkutanoni kuhusu suala la uwanja, na njia nzima fundi alikuwa akinieleza tunavyoweza kulisafisha jukwaa la zamani na kuliezeka upya. Tukakaa mbele. Katibu mpya akafungua kwa kusema amekwisha kuona eneo zuri sana la kujenga uwanja wa tatu.

Fundi akabaki kubishana naye. Mimi nilitoka, nikatema mate nje ya mlango, nikaenda dukani kumalizia suruali ya mteja.