Karanga ya Mgeni

Wiki iliyopita nilirudi Tabora kwa msiba, na kabla ya kupanda basi nikapita mtaa wa Ng'ambo kutafuta karanga za kuchemsha za kutafuna njiani. Kijana muuzaji alikuwa anazipanga mafungu juu ya gunia, kila fungu sawa na mwenzake, hana mchezo. Mwishoni ikabaki karanga moja, haina fungu. Akaiokota aitie mdomoni. Mdomo wangu ukanitangulia, nikamwambia aiache. Akanitazama vile vijana wanavyomtazama bibi aliyeanza kupotewa na akili, na simlaumu. Ningeanzia wapi kumweleza? Lakini wewe nitakueleza, maana una subira.

Nyumba ya bibi aliyenilea ilikuwa hapo hapo Ng'ambo, ya udongo, ukumbi katikati na vyumba huku na huku. Chumba cha mbele alipanga mwalimu. Ilikuwa enzi za Mwingereza, vita vikubwa vimekwisha karibuni tu, sukari bado ya kutafuta kwa tochi. Mwalimu alikuwa Mzaramo, mrefu, mkimya, anafundisha hesabu shule ya misheni. Bibi alikuwa Mnyamwezi, mdomo wake hauna kufuli. Sasa Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu mababu zao walipobebeana mizigo kati ya huku na pwani. Mtani atakusema mbele za watu, ataingia jikoni kwako aondoke na kitoweo, na ukikasirika wewe ndiye umeshindwa. Kwa hiyo nyumba yetu haikuwahi kupoa.

Babu yake mwalimu alikuwa mpagazi. Alitoka pwani na mzigo kichwani, akafia njiani huko Ugogo, Tabora hakuiona. Baba yake bibi naye alikwenda pwani akarudi na nguo na chumvi, akapokewa kwa vigelegele. Bibi hakumsamehe mwalimu jambo hilo hata siku moja. Akimwona tu anatoka kunawa uso, anaanza: Wazaramo hamfiki nyinyi, hata wewe umeletwa na gari moshi. Mwalimu alicheka, ila niliona kwamba neno lile linamgusa mahali.

Ugonjwa wa mwalimu ulikuwa namba. Si hesabu za shule, hizo alizimaliza asubuhi. Alikuwa anawinda namba zisizogawika, zile ambazo siku hizi wajukuu zangu wanaziita namba tasa. Ukizigawa kwa watu wawili zinabakiza, kwa watatu zinabakiza, kwa saba zinabakiza. Tena hakutaka moja moja. Alitaka zinazotembea pamoja kwa hatua sawa, na hizo aliziita msafara. Kila namba ni kituo. Tano, kumi na moja, kumi na saba, ishirini na tatu, ishirini na tisa: hatua ya sita sita, vituo vitano. Ukiongeza sita tena unapata thelathini na tano, inagawika kwa tano, na msafara umekufa. Rafiki yake waliyesoma naye, karani kule Kigoma, alikuwa amepata msafara wa vituo saba na akajisifu kwa barua. Mwalimu alitaka kuivunja rekodi ile, na si kwa kituo kimoja. Alitaka vituo kumi.

Tulimzoea akiwa barazani jioni, sahani ya matobolwa, viazi vitamu vikavu vya kuchemsha, pembeni imepoa, anagawanya na kufuta, anagawanya na kufuta. Mtu huyo alikuwa na uvumilivu ambao sijauona tena. Msafara ukimfia kituo cha sita aliguna tu, akachukua kiazi kimoja, akaanza mwingine. Siku moja aliniambia kwamba hatua isipogawika kwa mbili, kwa tatu, kwa tano na kwa saba, msafara hauendi mbali, kwa hiyo sasa anajaribu hatua ya mia mbili na kumi. Nilikuwa mtoto, sikuelewa vizuri, lakini nilielewa uso wake.

Bibi aliposikia akasema karatasi haishibishi. Kama kweli namba hizo hazigawiki, alete karanga, watu wakae, wagawiwe, macho yaone. Na kwake kugawa kulikuwa na sheria yake. Nyumbani kwetu chakula kikigawiwa sawa, kinachobaki hakiliwi. Kinaachwa mkekani, ni cha mgeni aliye njiani. Ilikuwa desturi ya nyumba za barabara ya misafara, bibi aliirithi kwa mama yake, na alikuwa mkali nayo kuliko padri na Kwaresima. Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema, lakini apone kwa lipi kama hukumbakizia kitu?

Basi mwalimu akakubali, na hapo ndipo maskani yetu ilipogeuka. Kila Jumamosi, baada ya karanga kuvunwa na kumenywa, alihesabu namba ya kituo kimoja na kuimwaga mkekani. Watu saba wakakaa duara, wakagawiwa. Zikabaki. Wakaongezwa wakawa kumi na mmoja, zikabaki. Kumi na watatu, zikabaki. Mwalimu ndiye aliyejua idadi zipi za kuruka na pa kuishia. Alisema kila namba ina mpaka wake, ukiuvuka bila kuigawa hutaigawa tena. Kila mmoja alichota tano tano, duru kwa duru, mwisho moja moja. Mimi nilihesabiwa kama mtu mzima, nikakaa na miguu nimeikunja kwa heshima zote. Vumbi la kiangazi, harufu ya karanga, kengele ya kanisa kwa mbali, na kila duru ikiisha watu wananyoosha shingo kuona kama kuna kilichobaki. Kilipobaki, tulifurahi kana kwamba tumeshinda kitu.

Na bibi, amini usiamini, akazipenda. Niliwahi kumsikia akimwambia jirani kisimani kwamba zipo namba zina malezi, hata ukizigawa kwa watu wangapi hazimsahau mgeni. Lakini mbele ya mwalimu hakukubali. Alisema vituo kumi vikitimia, siku hiyo atampokea kama mtu aliyefika kwa miguu yake, kwa jogoo na vigelegele, na hatamtania tena juu ya babu yake.

Msafara wenyewe ulianzia mia moja tisini na tisa. Ukapita mia nne na tisa, mia sita kumi na tisa, ukaendelea kupanda, na kituo cha tisa kilipopita salama habari ikaja ambayo hakuna aliyeitaka. Mwalimu alipewa uhamisho, arudi pwani. Gari moshi lake ni Jumatatu. Ikabaki namba moja, elfu mbili themanini na tisa, na siku mbili za kuigawa.

Jumamosi tuligawa mpaka watu ishirini na watatu. Kila mara zilibaki. Jua likatuachia hapo, karanga zikarudishwa kwenye chungu, chungu kikalala chumbani kwa bibi.

Jumapili baada ya misa watu walijaa uani. Wakakaa ishirini na tisa, karanga zikazunguka, na duru ya mwisho ilipoisha mkeka ulikuwa mweupe. Hakuna kilichobaki. Hata kimoja.

Mwalimu alisimama, akautazama mkeka, akapiga hesabu kwa midomo. Akasema polepole, "Imepungua moja."

Wanaume wakacheka. Fundi seremala, jirani yetu, akasema mizigo ya Wazaramo siku zote hupungua njiani, na watu wengine wakaanza kukung'uta nguo waondoke. Mwalimu hakubishana. Alipiga magoti akaanza kuzihesabu upya peke yake, moja moja, na kesho yake ndiyo safari. Roho iliniuma. Mtu mwenye akili kama ile, amepiga magoti kwenye vumbi, na hakuna anayemsaidia kwa sababu ni utani na utani haukasirikiwi.

Nikamtazama bibi, nikitegemea amalizie kwa maneno yake. Bibi hakuwa anacheka. Alikuwa anafungua pindo la kanga yake, taratibu, kama anayetafuta senti. Akatoa karanga moja. Akaenda akaiweka mkekani mbele ya mwalimu.

"Mtani, usihesabu," alisema. "Hii hapa. Niliitoa mimi jana."

Mwalimu akaiokota karanga ile.

"Msafara ukifika, watu hutawanyika," bibi akasema. "Nilitaka usifike."

Bibi yangu, ambaye hakulia hata walipomzika babu, alilia pale mbele ya watu wote, akajifuta kwa pindo lile lile. Na mwalimu, Mzaramo yule mkimya, alimshika mikono yote miwili akasema sasa ana ushahidi kwamba Wanyamwezi ni wezi wa mizigo. Watu wakaangua kicheko, tena cha kupona, na bibi akamsukuma kifuani akamwambia akae chini wamalize.

Tukamaliza. Watu thelathini na mmoja, zikabaki. Thelathini na saba, zikabaki. Arobaini na mmoja, zikabaki. Duara la mwisho lilitaka watu arobaini na watatu, nasi tukihesabu na watoto wa mgongoni tumefika arobaini na wawili. Fundi akatoka barabarani akamkamata muuza asali aliyekuwa anapita zake kwenda stesheni, akamketisha bila kumweleza chochote, maskini. Karanga zikazunguka. Zikabaki. Bibi akapiga kigelegele ambacho nadhani walikisikia hata mtaa wa Kitete, na jogoo mwekundu akachinjwa. Tulikula ugali wa mtama na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, iliyoungwa kwa karanga, na muuza asali akachangia sega zima kwa furaha ya jambo asilolijua.

Jumatatu stesheni bibi alimpa mwalimu kifurushi cha matobolwa, na katikati yake, kwenye kitambaa, karanga ile moja. Akamwambia asiile. Mwalimu akasema, "Nimefika, bibi." Na bibi akajibu, "Umefika, mwanangu." Hakumwita mtani.

Salamu zake zilikuja kwa watu wa reli, mwaka, miaka, kisha zikakatika. Bibi aliendelea kubakiza kitu mkekani mpaka alipofariki. Mjukuu wangu mmoja ameniambia kwamba siku hizi mashine zinatafuta misafara hiyo, na zimepata mirefu kuliko ule wetu. Sina wivu. Ila nilimuuliza: mashine hizo zinakaa duara? Kinachobaki zinamwachia nani? Alicheka, akarudi kwenye simu yake. Ua ule sasa umejengwa maduka. Watu wa duara lile wamekwisha, naona nimebaki mimi.

Kijana wa karanga alikuwa bado ameishika ile moja, ananisubiri. Akaniuliza, kwa adabu nzuri tu, kama mtu asiyetaka kuniudhi, "Nimwachie nani sasa, bibi?"

"Irudishe hapo kwenye gunia, mjukuu wangu," nikamwambia. "Ina mwenyewe. Yuko njiani."