Yule wa Mvua na Yule wa Chai

Hakuna aliyenijua upesi kama mke wa karani wa stesheni ya Ruiru, na alinijua kwa swali moja. Siku ya kwanza nilipokwenda kwake kuazima kitabu cha mapenzi, hakuniuliza napenda nini. Aliniuliza, "Ukisoma, mwanangu, unaruka wapi?"

Nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza katika shule ya shamba la kahawa, na Kiingereza changu kilikuwa cha kuungaunga na kamusi. Yeye alitoka Taita, na Kiswahili chake kilinyooka kuliko chetu sote pale. Vitabu vyake vilisahauliwa na Wazungu kwenye treni; visipodaiwa, mumewe alivileta nyumbani. Karibu vyote viliandikwa na wanawake wawili. Mmoja tulimwita yule wa mvua, kwa kuwa kwake hakuna waliopendana pakavu. Walilowa, wakalia, wakasemezana kurasa tatu. Mwingine alikuwa yule wa chai. Watu wake walikaa mezani, chai ikamiminwa, mmoja akatamka maneno mawili, na wewe msomaji ukabaki umeshika kifua.

Nilimjibu ukweli: naruka wanapolia. Akacheka, akanipa yule wa chai. "Anayeruka magauni namjua, na anayeruka ugomvi huyo ameshaolewa," alisema. "Wewe unaruka machozi kwa sababu unayaogopa." Nilikasirika, maana hakukosea. Sijaona tena mtu mwenye kipaji kile cha kumpa msomaji mwandishi wake.

Yule wa chai nilimpenda mpaka nikawa mjinga. Hata leo namsifu. Alijua kwamba mwanamke anaweza kusema nakupenda kwa kumwongezea mtu sukari kabla hajaomba. Nikaanza kudharau watu wa maneno mengi, mama yangu mzazi akiwa wa kwanza.

Basi kulikuwa na kijana kutoka upande wa magharibi, mtia grisi mashine katika kiwanda kimoja Thika. Tulijuana alipokuja kanisani kwetu na kwaya. Baba alikuwa ameshasema kwamba binti yake haolewi na mtu asiyejua hata kusalimia kwa Kikuyu. Tena ilikuwa miaka ya vita vya Mau Mau, serikali imetangaza hali ya hatari, na sisi Wakikuyu hatukwenda Thika bila pasi, yaani kibali cha kusafiri, kwa hiyo tuliandikiana barua, kwa Kiswahili, lugha pekee tuliyokuwa nayo pamoja. Barua yake ya nne iliuliza jambo moja: je, moyoni mwangu alikuwa na mahali?

Nilirarua majibu chungu nzima. Mwishowe nikajiuliza mwanamke wa yule wa chai angesema nini, nikaandika maneno matatu: "Mahari iko. Njoo." Nikajiona mwandishi kamili.

Mwezi ukapita, ukapita na wa pili. Kimya. Nilimtaka yule mtu awe wangu, na niliamini nimemkosa. Kila kikombe kilichomiminwa kitabuni kilinichoma mimi.

Nilipopeleka kitabu stesheni, nililia mbele ya yule mama bila kupenda. Akaniuliza nilimwandikia nini hasa huyo kijana. Nilipomwambia, akanisogezea karatasi iliyofungia sukari. "Iandike hapa, vile vile ulivyoiandika."

Nikaandika. Akasoma, akaketi chini.

"Mwanangu! Mahali ni pa kukaa. Mahari ni ng'ombe!"

Sisi Wakikuyu herufi hizo mbili, l na r, hutuchezea shere tangu utotoni. Mdomoni watu hutusamehe, karatasi haisamehe. "Na ungeandika hata mahari papo, angeng'amua umekosea herufi tu," yule mama aliendelea, akijifuta macho kwa kicheko. "Lakini iko! Kijana ameuliza kama anapendwa, ukamjibu kuna mahari ya kulipa, aje."

Nilitamani ardhi inimeze. Yeye akavuta kitabu cha yule wa mvua, akakiweka mapajani mwangu. "Huyu angekuokoa. Kwenye kurasa tatu, kosa moja halina nguvu."

Nilikisoma chote, bila kuruka. Nakiri niliwahi kumdharau mwanamke mwenye akili. Kila mpenzi wake alieleza jambo mara tatu, kwa sababu alijua watu waliopendana hawasikii vizuri. Nikaandika kurasa tatu zangu, nikazitia posta.

Hazikuwahi kumkuta. Jumamosi ya wiki ile ile alitokea uani kwetu kwa miguu kutoka Thika, vumbi mpaka magotini, akivuta mbuzi wawili. Baba alikuwa amekaa mlangoni, amekunja uso.

"Mwalimu, ulisema mahari iko, nikuje," kijana akaniambia. "Ng'ombe bado. Nimetafuta miezi miwili, nimepata hawa."

Nikamweleza pale pale, maneno yakinitoka kama maji. Mahali, si mahari. Alikuwa na mahali tangu barua ya kwanza. Angekuja mikono mitupu, angekuja siku ile ile, ningempokea.

Alisimama akiwatazama mbuzi wake. Halafu akauliza, kwa upole, "Kwa hivyo niwarudishe?"

Sikupata nafasi ya kujibu. Baba alikuwa ameshasimama na kushika kamba.