Usaha wa Misonobari

Mume wangu alipopata habari kwamba mama yake ni mahututi huko Iringa, hakuomba ruhusa. Angenyimwa, na aliyeondoka bila ruhusa alifukuzwa kazi, nyumba ya kazi nayo ikaenda. Aliniachia misonobari ya majaribio, huku juu Mbeya, ambayo ndiyo kwanza alikuwa ameipogoa. "Iangalie tu," akasema. Angesema usiiguse, jamani, si ningejua?

Siku ya tatu kila palipokatwa tawi pakawa panatoa kitu kizito, cheupe, kikichuruzika. Kwetu, ndama akitoa usaha, mama alikikwangua kidonda kwa gunzi kila asubuhi, kisha akakiosha kwa maji moto yenye majivu. Nami nikafanya vivyo hivyo, mti mmoja mmoja, nikisali kimoyomoyo. Utomvu ukaniganda viganjani, ukawa mweusi. Sabuni haikuutoa, mchanga haukuutoa. Kesho yake miti ikatoa tena, nikarudi na gunzi langu. Mti wa mwisho tu, ule wa karibu na choo, sikuugusa. Kila nikiufikia mikono imeshakufa ganzi.

Wiki ya nne vidonda vikaota ukungu wa kijivu. Mungu wangu! Nikazidi kukwangua.

Mume wangu alirudi jioni moja, mama yake amepata nafuu. Asubuhi, kabla hajaiona hata miti yenyewe, Bwana Miti, mkubwa wake wa kazi, ambaye hukagua miti mara moja kwa mwezi, akapiga hodi.

"Nani amekwangua utomvu?"

Akatupeleka kwenye ule mti wa choo. Kidonda chake kilikuwa kikavu, kimezibwa vizuri. "Mnaona? Utomvu ndio dawa ya mti. Ukali wake unaua vijidudu vya kuozesha, na ukikauka unaziba mlango. Ile mingine mmeiachia wazi. Inaoza."

Mume wangu alinitazama usoni mara moja tu. "Ni mimi, bwana," akasema.

"Lete mikono."

Akainyoosha. Ilikuwa safi, mikono ya mtu aliyekaa mwezi mzima kando ya kitanda cha mgonjwa.

"Utomvu huu hautoki mikononi kwa wiki nzima," Bwana Miti akasema. "Wewe ulikuwa wapi?"

Mikono yangu nilikuwa nimeifunika kwa kanga. Nikaitoa.

Jumamosi tulihama. Mikono yangu ilikuwa bado nyeusi.