Mikono ya Trekta

Juzi, pale Matongo, nilipita karibu na fundi wa kuchomelea, na harufu ya chuma kinachoungua ikanirudisha uani kwetu Kisaka.

Baba alikuwa amenunua tela la kubebea mawe ya dhahabu. Lilitengenezwa kwa ajili ya trekta jipya, likakataa kushika kwenye letu kuukuu. Fundi akasema mikono ya kuinulia plau ndiyo inayozuia.

"Kata," Baba akamwambia.

"Baba Robi, na shamba tutalima na nini?" Mama akauliza.

"Mvua zikija tutairudisha."

Mashine ya kukatia ikalia, nami nikashangilia kila cheche, nikiwaza nitakavyopanda tela. Vipande vilipopoa, Mama aliviokota, akavifunga kwenye kanga pamoja na mbegu za ulezi. Nilidhani anafanya usafi tu. Sikujua kwamba mikono iliyokatwa vile hairudishwi.

Mvua zilipokuja, Baba na trekta walikuwa bado kwenye mashimo ya dhahabu kule Nyangoto. Mama alifungua lile fundo, akatoa mbegu, akachukua jembe la mkono. Vile vyuma akavifunga tena.