Bidoni ya Baba Mukwe juu ya Graniti

Pale Mushaki, katika Masisi, matope huingia nyumbani kabla mgeni hajabisha hodi, na ni hapo bibi yangu wa ndoa alipoamua kutandika graniti ya kijivu katika salon. Yeye anauza fromaji, jibini la huku kwetu, mjini Goma. Mimi ninabaki nyumbani, kazi niliyozaliwa na kipaji chake. Basi sakafu ikawa juu yangu.

Fundi aliniachia masharti: "Papa, maji, sabuni ya maji kidogo, kitambaa laini. Mafuta ikimwangika, panguza palepale, hii jiwe inakunywa. Majivu hapana! Muchanga hapana!"

Nilimsikiliza kwa dharau. Mtu aliyemaliza sekondari afundishwe kupanguza?

Alhamisi moja baba mukwe akafika kutoka Walikale na bidoni ya mawese, dumu la plastiki, zawadi kwa binti yake. Akaitua katikati ya salon, buti za mpira bado miguuni. Sasa, baba wa bibi yako humwambii avue viatu. Na zawadi yake, nilivyolelewa mimi, haiguswi mpaka mwenye kuletewa aipokee kwa mikono yake. Bibi angerudi Jumamosi. Jumapili akina mama wa kanisa wangekuja kusali kwetu, na bibi alikuwa ameshawaambia kwamba watajiona ndani ya sakafu kama ndani ya kioo.

Bidoni ikaanza kuvuja. Doa lilikuwa sarafu, likawa sahani. Mimi nikakaa kwenye kiti, nikalinda heshima.

Ijumaa asubuhi, tukinywa chai, mzee akasema: "Mukwe, hii bidoni iko inalia."

"Ndiyo, Papa."

"Na wewe uko unaiangalia."

"Ninangojea mwenyewe, Papa."

"Aa! Ninyi watu wa Masisi muko na heshima mingi. Kwetu mu pori, kitu ikivuja, tunaiinua."

Akaiinua mwenyewe. Chini palikuwa ziwa. Nilipanguza, lakini jiwe lilikuwa limekwisha kunywa. Doa likabaki, jeusi.

Hapo ndipo masomo yangu yalipoamka. Sufuria zetu zinang'aa kwa majivu na mchanga wa volkano. Jiwe ni nani mbele ya sufuria? Nikapiga magoti, nikasugua asubuhi nzima. Doa halikutoka. Kilichotoka ni mng'ao.

Nikampigia fundi simu. Kwanza akacheka, tena kwa uniti zangu za simu. Kisha akasema: "Koroga unga ya muhogo na maji, ikuwe nzito. Pakaza juu ya doa, funika na sashe ya plastiki, acha ikauke. Itavuta mafuta."

"Na pale niliposugua?"

"Pale, Papa, omba Mungu."

Unga ulivuta mafuta kweli. Lakini Jumamosi bibi alipoingia, hakutafuta doa. Aliangalia mwanga wa dirisha juu ya sakafu, akauona ukifia katikati, kwenye bamba lililopauka kama jicho la ng'ombe kipofu.

Akanigeukia: "Papa, hapa ulilima?"

"Nilisugua kidogo."

"Fundi alikuambia nini?"

Baba mukwe alifungua mdomo anitetee, kicheko kikamtangulia.

Jumapili akina mama walijaa salon. Mmoja alitazama chini muda mrefu, akauliza kwa upole: "Dada, ni nani anakupanguziaka hii salon?"

"Bado niko natafuta muntu," bibi yangu akajibu, akanipitishia kikombe cha chai.